Sogeza Simu Karibu na Mashine

Masikio yake yalimtangulia duniani. Ndivyo mama yake alivyopenda kusimulia: mkunga alipomwinua mtoto, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa masikio mawili yaliyosimama wima, kana kwamba yanauliza nani amepiga hodi. Jina alipewa, tena zuri tu, lakini nani alilitumia? Mtaa mzima ulimwita Masikio, naye akaitika, maana ukilikataa jina la utani ndiyo unaligongomea misumari.

Mama yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Chumba kimoja chenye mlango mpana, mashine katikati, mizani pembeni, na vumbi la unga juu ya kila kitu hadi kwenye kope za wateja. Masikio alilelewa humo. Alijifunza kutambaa kati ya magunia, mchana alilala juu ya pumba, na ile kelele ambayo ingemkimbiza mtoto mwingine, kwake ilikuwa bembea. Kilichomwamsha ni mashine kubadili sauti. Mkanda ukianza kulegea, mtoto alifumbua macho. Nyundo za ndani zikigonga kijiwe kilichojificha kwenye mahindi, mtoto alikaa kitako. Ikafika mahali mama alikuwa akimtazama mtoto kwanza, ndipo aitazame mashine.

Lakini usidhani mama huyo alikuwa anatafuta mrithi. Hata kidogo! "Sikukusomesha uje kumeza unga kama mimi," alimwambia binti yake kila alipomkuta ameshika spana. Alimsomesha kweli, mpaka akapata stashahada ya elektroniki. Cheti kikatiwa fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi, kikatundikwa sebuleni, na kila mgeni akaonyeshwa kabla hajapewa kiti.

Cheti kilikaa ukutani miaka miwili. Masikio aliandika barua za kuomba kazi mpaka akazijua kwa moyo. Waliojibu walitaka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano, na yeye alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Sijui huo uzoefu walitaka aupate tumboni. Majirani nao hawakumsaidia. "Bado tu?" walimuuliza wakija kusaga, kwa ile sauti ya huruma yenye chumvi ndani yake. Mama aliwajibu kwa kuongeza kasi ya mashine ili wasisikilizane.

Hatimaye, akiwa na miaka ishirini na mitano, akaitwa na kampuni iliyouza pampu za maji zinazotumia umeme wa jua. Wakulima walizinunua kwa ajili ya mashamba na bustani zao, na zikisumbua walipiga simu ofisini. Kampuni ilichukua vijana kumi na wawili wa kupokea simu hizo, wote wana vyeti, wote walikuwa wamesota. Masharti yakasomwa siku ya kwanza: majaribio ni miezi mitatu, na mwisho wa majaribio watabaki saba. Kumi na wawili wakatazamana, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo watano atakaowaaga.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba. Meza kumi na mbili, kompyuta kumi na mbili, feni moja iliyowapepea wanne na kuwaonjesha waliobaki. Ukutani palikuwa na ubao mweupe wenye majina yao. Jioni, kabla ya kutoka, msimamizi aliandika mbele ya kila jina idadi ya simu alizomaliza mtu siku hiyo. Msimamizi huyo alipenda hesabu kama wengine wanavyopenda mpira. Alijua wastani wa simu, wastani wa dakika, hata wastani wa vikombe vya chai kwa kila meza. Vijana wakambandika jina la Bwana Wastani. Alilijua, wala hakuchukia. Alisema wastani haujawahi kumdanganya.

Kazi yenyewe ilikuwa na mwongozo kwenye kompyuta. Swali la kwanza: je, pampu imewashwa? La pili: je, taa ni ya kijani au nyekundu? Ukiteremka hivyo unafika mwisho, unamwambia mteja asante, fundi atafika, unakata. Dakika nne. Jirani yake wa meza, kijana mmoja mcheshi, alizimaliza kwa dakika mbili na nusu. Walimwita Chapchap, na jina lake halikuwahi kushuka chini ya nafasi ya kwanza ubaoni.

Majuma matatu ya mwanzo Masikio alikwenda na mwongozo kama wenzake, akawa katikati ya ubao, mahali pazuri pa kujificha. Halafu siku moja akapiga simu mama mmoja mwenye bustani ya mboga.

"Mashine yangu inalia vibaya," alisema.

"Pole, mama. Taa ni ya kijani au nyekundu?"

"Mwanangu, mimi nakwambia inalia, wewe unaniuliza taa?"

"Inalia vipi?"

"Inalia tu. Kama mtu mwenye mafua."

Mwongozo haukuwa na mahali pa kujaza mafua. Masikio akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainamisha kichwa. "Mama, hebu sogeza simu karibu na mashine."

Akasikia. Chini ya mvumo wa kawaida kulikuwa na mchemko, na katikati ya mchemko kulikuwa na kitu kinachokwaruza, kinakatika, kinarudi. Sauti hiyo hakuijua, lakini tabia yake aliijua: ni mashine inayopewa kidogo kuliko inavyotaka, kama pale nafaka inapoisha kwenye mdomo wa kinu. Pampu ilikuwa inavuta hewa.

"Mama, lipo bomba linalotoka kisimani. Pale linapoungana na pampu, pashike. Pamelegea?"

Zikasikika nyayo shambani. Halafu: "He! Panacheza."

"Pafunge kwa mpira, ukaze sana, halafu uwashe tena."

Dakika kumi na mbili baadaye yule mama alikuwa anapiga vigelegele shambani, na Masikio alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake akitabasamu peke yake. Tangu apate cheti, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kwamba anajua kitu. Furaha hiyo ilimpanda kichwani, nami simlaumu.

Kuanzia hapo kila mteja aliambiwa asogeze simu. Masikio akafungua daftari, na kwa kuwa simu zote zilirekodiwa, akawa anazihifadhi sauti moja moja kwenye kompyuta na kuzipa majina yake mwenyewe: Mafua ni hewa kwenye bomba, Kikohozi ni mchanga, Meno ni beringi iliyokwisha, Kwikwi ni waya unaogusa na kuachia. Alipoandika fomu ya kumtuma fundi, aliandika na kifaa cha kubeba. Wengine waliandika tu "pampu mbovu", fundi akajijua mwenyewe.

Lakini kila simu ilikula dakika kumi. Jina lake likaanza kuteremka ubaoni: la saba, la tisa, la kumi na mbili. Lilipofika la kumi na mbili halikuwa na pa kwenda tena, likatulia hapo.

Bwana Wastani akamwita pembeni, kwa upole. "Dada, nakuona unajitahidi. Lakini mwongozo ule umeandikwa na wahandisi waliobobea, na sikio halipiti kichwa. Fuata mwongozo, ongeza simu. Sitaki kukupoteza."

"Nimesikia," alisema Masikio. Kusikia alikuwa amesikia. Kufuata ndiko kulikomshinda.

Ikabaki wiki tatu majaribio yaishe. Asubuhi hiyo akapiga simu mwanamke mmoja kijana, ana haraka, mtoto analia mgongoni. Pampu haitoi maji, alisema, hata tone. Masikio, ambaye siku hizo alijiona bingwa, hakuuliza swali la kwanza wala la pili. "Sogeza simu karibu na mashine," alisema, akafumba macho.

Khrrr... pfff. Khrrr... pfff.

Loo, ilikuwa sauti ya kutisha. Nzito, kavu, yenye kukwama na kujikwamua. Masikio aliihurumia ile pampu. "Beringi imekufa kabisa," alimwambia yule mwanamke, na kwenye fomu akaandika: Meno, hali mbaya, beba beringi mpya, haraka. Fundi akapanda pikipiki.

Fundi mwenyewe walimwita Spana. Mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, hana subira na vijana wa ofisini. Aliwaita watoto wa viti vya kuzunguka. Alisafiri kwa saa mbili kwenye njia ya mashimo. Adhuhuri akapiga simu ofisini, na kwa bahati mbaya, au nzuri, Chapchap ndiye aliyepokea, akaiweka kwenye spika chumba kizima kikasikia.

"Nani ameandika fomu hii ya beringi?"

"Mimi, fundi," alijibu Masikio.

"Beringi yako nimeikuta. Ina miaka sabini na miwili, imejinyoosha kwenye kivuli nyuma ya pampu, kofia usoni. Nimeiamsha, inauliza kama chai iko tayari."

Chumbani kila mtu akawa anajumlisha. Spana akawasaidia. "Ni baba mkwe wa mwenye simu! Anakoroma! Na pampu yenyewe imezimika tangu asubuhi, maana wameanika blanketi juu ya paneli ya jua. Nimeliondoa blanketi, maji yanatoka. Narudi na beringi yangu mpya mkononi, nikiitazama."

Vicheko vilivyolipuka pale viliwaleta wauza rangi kutoka chini kuuliza kuna nini. Chapchap alianguka kutoka kwenye kiti. Masikio alicheka pia, alicheka mpaka machozi, halafu akagundua kwamba machozi yameendelea baada ya kicheko kuisha. Kwa sababu Bwana Wastani hakucheka. Alitoa kalamu akaandika kwenye kitabu chake safari moja ya bure, saa nne kwenda na kurudi, na jina la aliyeituma.

Jioni Masikio alipitia kwa mama yake kwenye mashine, akamsubiri ammalizie mteja wa mwisho, akamsimulia. Alitegemea kupewa pole. Mama alicheka mpaka akatafuta gunia la kukalia, akajipiga mapaja, akasema "inauliza chai!" mara tatu, kila mara akianza kicheko upya.

"Mama, wataniacha. Zimebaki wiki tatu, na mimi ni wa mwisho."

Mama akajifuta macho kwa kanga, unga ukampaka shavuni. "Haya, niambie. Kabla ya kusikiliza, ulifanya nini?"

"Nilisikiliza tu."

"Ndiyo kosa lako. Miaka yote umenitazama hapa, hujaona? Mimi kwanza naangalia swichi. Halafu naweka mkono juu yake. Hivi." Akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine iliyonyamaza. "Mkono ukiniambia inatembea, ndipo nategesha sikio. Sikio peke yake lina kiherehere, mwanangu, linaokota hata ya jirani."

Masikio alirudi kazini asubuhi na karatasi aliyoibandika chini ya kompyuta yake: swichi, mkono, sikio. Swali la kwanza la mwongozo, alilokuwa amelidharau, akalirudisha mahali pake, na kimoyomoyo akawaomba radhi wahandisi. Baada ya hapo akawa anamwambia mteja, "Weka kiganja juu ya pampu. Inatetemeka? Ina joto? Sawa, sasa sogeza simu." Na akaongeza la kwake: "Na kama kuna mtu amelala hapo karibu, tafadhali mwamshe." Wateja walicheka, wakawa wepesi kueleza. Simu zake zikashuka mpaka dakika saba. Ubaoni akabaki wa kumi na mbili.

Siku ya kuitwa mmoja mmoja ikafika. Masikio alivaa blauzi yake nzuri kuliko zote, akasema liwalo na liwe. Hakutaka kurudi kwenye zile barua. Hakutaka, zaidi ya yote, kumwona mama akiongeza kasi ya mashine mbele ya majirani.

Bwana Wastani alikuwa na karatasi mbele yake, na alikuwa na sura ya mtu asiyependa anachotaka kusema. "Dada, hesabu zako unazijua."

"Nazijua. Naomba tu tuhesabu kitu kimoja zaidi kabla hujasema."

Hapo alikuwa amempata pabaya. Mnyime Bwana Wastani chakula atavumilia, lakini hesabu mpya hawezi kuiacha mezani. "Kitu gani?"

"Wateja waliopiga tena. Namba zao zote zipo kwenye kompyuta. Chukua watu mia niliowahudumia mimi, uone wangapi wamepiga tena ndani ya wiki kwa tatizo lilelile. Halafu fanya hivyo kwa kila mtu."

Bwana Wastani akamtazama. Akavuta kibodi. Kwanza alihesabu amekaa, kisha amesimama, kisha akavua saa akaiweka pembeni. Masikio aliketi akitazama ukuta. Kutoka chini ulipanda mlio wa kopo la rangi likitikiswa. Nusu saa ikapita hivyo.

"Watu mia wa kwako," alisema mwishowe, taratibu, "wamepiga tena sita." Akateremsha kidole kwenye skrini. "Wa Chapchap, hamsini na wanane. Wengine mara tatu. Sasa naelewa kwa nini simu zake ni nyingi: wateja wake hawaishi kumkumbuka."

Akacheka. Yule mtu ambaye hata kukoroma kwa mzee hakukumchekesha, hesabu ilimchekesha mpaka akashika meza. Halafu akaupiga teke mguu wa kiti. "Miezi mitatu nimekuwa naandika ubaoni idadi ya matatizo tuliyoshindwa, nikawa nawapa pongezi!"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Spana, kofia ya pikipiki kwapani, amekuja kuchukua fomu za kesho. Bwana Wastani akamuuliza palepale: fomu za binti huyu zikoje?

Spana akakuna ndevu. "Nimesimulia habari ya mkoromo kila kijiji nilichopita, na nitaisimulia mpaka nife," alisema. "Lakini ukweli usemwe. Za wengine naondoka na sanduku zima la vifaa, nabahatisha. Fomu zake nabeba kifaa kimoja, nakifunga, narudi. Nilikuwa naogopa kusema, nisije nikaonekana nasifia watoto wa viti vya kuzunguka."

"Asante, fundi," alisema Masikio.

Bwana Wastani akachukua karatasi yake ya majina saba, akaichana, akaanza nyingine. Jina la Masikio likakaa juu. Kazi yake, alisema, ni kuzipanga zile sauti zote ili kila mpokea simu azijue, na kuwafundisha wenzake kusikiliza. Mkataba wa kudumu, kuanzia Jumatatu. Kalamu ikaendelea kuteremka, na Masikio, aliyekuwa anasoma kichwa chini miguu juu, akaona majina saba yamejaa na Chapchap hayumo.

Angeweza kunyamaza. Siku hiyo ilikuwa yake. "Nipe mwezi mmoja na Chapchap," alisema.

"Hamsini na wanane, dada!"

"Hajawahi kuambiwa asikilize. Aliambiwa akimbie, akakimbia kuliko wote. Akifundishwa kusikiliza hivyohivyo, utafurahi mwenyewe ukihesabu."

Bwana Wastani alimtazama Spana, Spana akatazama dari. Chini ya majina saba likaandikwa la nane, na mbele yake: mwezi mmoja. Nje ya mlango Chapchap, aliyekuwa ametega sikio kwenye tundu la ufunguo kwa bidii ambayo wateja wake hawakuwahi kuipata, alipiga ukelele akajigonga kichwa kwenye kitasa.

Masikio hakupiga simu nyumbani. Habari hiyo hakutaka ipite kwenye waya. Alitembea haraka, halafu akakimbia, blauzi nzuri na yote, mpaka kwenye ule mlango mpana. Ilikuwa saa ya wateja wengi. Foleni ilitoka nje, madebe na vikapu vimepangwa, mashine inanguruma, na mama yuko juu ya kijukwaa anamimina mahindi, kichwa chote cheupe.

"Mama, nimepata!"

Mama akamwonyesha sikio, akatikisa kichwa. Hasikii.

"Nimepata! Ya kudumu!"

Mama akaacha kumimina. Akaweka debe chini, akashuka, akaenda moja kwa moja ukutani na kuzima mashine, mahindi ya mtu yakiwa nusu kinuni. Mkanda ukapunguza mwendo, ukasimama, na ndani ya chumba kile kukawa na kimya ambacho hata wateja wa siku nyingi hawakukijua. Watu wakasikia wanavyopumua.

"Sema tena," alisema mama. "Polepole."

"Nimepata kazi, mama. Ya kudumu. Wananilipa kusikiliza mashine, na kuwafundisha wengine."

Mama alimsogelea. Alimshika masikio yote mawili kwa mikono yake yenye unga, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akayashikilia tu, machozi yanachora mistari kwenye ule weupe wa mashavu. Foleni ikashangilia. Ni mwanamke mmoja tu, mwenye debe lililokuwa kinuni, aliyeona afadhali aulize.

"Hongera sana, jamani. Ila unga wangu?"

"Unga utasubiri," alisema mama, bila kugeuka. "Mimi nimesubiri miaka miwili."